Bip Moja ni Muzuri

Jumatatu, 1 Juni 2020

Nusu mlio. Siyo mlio mzima, nusu tu. *Trr* – halafu kimya. Wiki tatu sasa, tangu nianze kulala na simu ya kazi, ndio unaoniamsha, kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Leo nimebaki kitandani nikiusikia bado, ingawa simu ilikuwa imenyamaza zamani. Na kwa mara ya kwanza umenitia hasira.

Niandike vizuri, ili siku moja nisijidanganye.

Virusi vilipoingia nchini kituo chetu kilifunga mlango. Kituo cha afya ya akili: vyumba vitatu na ua, hapa Kikula, Likasi. Watumishi watatu – Monsieur Germain, coordinateur, mkuu wetu. Papa Adolphe, muuguzi. Na mimi, mwanasaikolojia, miaka ishirini na sita, diploma ya Lubumbashi ukutani. Wagonjwa arobaini. Kikundi cha Jumanne, basi. Kutembelea nyumba, basi, tangu katikati ya Aprili. Ikabaki simu. Lakini watu hawana unité za kupiga. Wana za kubipu tu, kuliza nusu na kukata.

Nikabuni bip! Nilijivuna sana. Bip moja: niko muzuri. Bip mbili: munipigie. Bip tatu: mukuye mbio, yaani njooni haraka. Kila nyumba inabipu asubuhi, mimi natia alama kwenye fomu. Moja inaingia kwenye kisanduku cha *stable*, hana shida. Germain ameipa jina, *Protocole Bip*. Ameiandikia wafadhili ripoti yenye rangi.

Na hata kubuni sikubuni. Niliiba. Ilikuwa yetu mimi na Reine, lycée kwa masista, dawati la tatu karibu na dirisha. Tulikuwa tunagonga kwa vidole chini ya ubao wa dawati. Moja: niko muzuri. Mbili: nisaidie, sijui jibu. Tatu: Sista anakuja!

Reine yumo kati ya wale arobaini. Aliugua miaka miwili iliyopita, baada ya kujifungua mtoto ambaye hakuishi. Alikuwa anamsikia akilia kila mahali. Mume akamrudisha kwa mama yake. Kwa sindano ya kila mwezi alirudi polepole – mwezi wa kwanza mwaka huu alikuwa anawasuka wenzake nywele pale uani na kuwacheka vichwa vyao.

Sasa. Bip ya saa kumi na mbili na dakika arobaini ni ya namba ya nyumbani kwao. Kila siku, hata jana, Pentekoste. Na leo nimekumbuka kitu ambacho fomu haikijui: Reine hajawahi kuamka mapema maisha yake yote. Masista walimfagilisha ua mwaka mzima kwa kuchelewa. Na sindano inamlaza mpaka saa tatu.

Nani ananibipu?

Nimepiga. Amepokea mama yake, Mama Simone, muuza makala – makaa ya kupikia.

«Bonjour, Mama. Reine iko?»

«Analala.»

«Umuamushe kidogo, nimusalimie.»

«Apana, docta, umuache. Anatulia. Anatulia kabisa.»

Akakata. Mimi si daktari, lakini hilo siyo shida. Shida ni lile neno. Mtu hutulia mwenyewe. Au anatulizwa.


Jumanne, 2 Juni

Germain amekataa.

Amekaa nyuma ya ile karatasi ya plastiki aliyoitundika mbele ya meza yake, plastiki ya godoro jipya, bado ina jina la kiwanda. Nikamwambia: nataka kwenda kumwona Reine. Sindano ya Mei hakupata. Mama yake alisema kwa simu watakuja mwezi wa sita, na sisi tukakubali kwa sababu yuko *stable*. Na ni *stable* kwa sababu simu inalia mara moja. Je, huo ni uuguzi?

«Noëlla, weye iko na problème gani na bintu bizuri? Trente-huit sur quarante, thelathini na nane ku arobaini bako stable! Hata kule Lubumbashi habana nayo.»

«Monsieur, ile ni hesabu ya simu. Haiko hesabu ya bantu.»

«Ukienda, ukakohoa mu nyumba ya muntu, nani atajibu? Weye ao minye?»

Halafu Ijumaa ijayo, tarehe 12, kuna mkutano wa Zoom na wafadhili. Wanataka kumsikia «yule demoiselle wa bip». Niandae dakika tano.

Nilitaka kumchukia mchana kutwa. Nilishindwa. Mdogo wake alikufa Lubumbashi mwezi wa nne. Alizikwa na watu sita, Germain hakuwa mmoja wao. Ana sukari. Kila akigusa kitasa cha mlango anajifuta vidole kwenye suruali, anadhani hatuoni.

Hata hasira yangu ameiharibu.


Alhamisi, 4 Juni

Hapana – hasira ipo. Leo imempata Papa Adolphe.

Nilikuwa naangalia daftari la sindano. Reine, 7 Aprili, nyumbani, *injection faite: oui*. Sahihi ya Adolphe. Nikamuuliza tu, siku ile alikuwaje? Akafunga kabati la dawa taratibu, akafungua tena, akafunga.

«Ma fille, siku ile nilivaa sawa muntu wa kwenda ku mwezi. Blouse nyeupe ya hospitali, masque, gants ku mikono, na ile thermomètre ya bunduki. Batoto ya avenue yote nyuma yangu: Corona! Corona! Hata minye mwenyewe nilitamani kujikimbia.»

Alicheka. Sikucheka.

«Halafu?»

«Halafu Mama Simone hakuuzisha makala wiki mbili. Hata ndoo moja. Bantu balikuwa banasema: makala ya ule mama, ukiwasha, nyumba yote inakohoa.»

Wiki mbili! Na wanakula kwa yale makala, hawana kingine.

«Ju ya nini haukuandika, Papa?»

«Mu fiche kuko kisanduku ya injection: oui, non. Hakuna kisanduku ya majirani.»

Nimepiga meza. Kikombe chake kimeanguka. Hakuvunjika mtu, hakikuvunjika hata kikombe, na nimeomba msamaha, na amesema haina neno, na bado mkono unaniwasha. Fomu ile nimeichora mimi. Kwa rula.


Jumamosi, 6 Juni

Nimeenda. Bila ruhusa, kwa miguu, siku yangu ya mapumziko.

Kwenye kona ya avenue yao nilisimama kama mjinga na barakoa yangu ya kitenge mkononi. Nikiivaa, namharibia Mama Simone biashara mara ya pili. Nisipoivaa, labda ninawaletea ugonjwa. Chuo kilinifundisha miaka mitano, lakini kona hii hawakunifundisha. Mwisho niliitia mfukoni na kubaki nje ya wigo, mbali, kama mnunuzi asiyeamua.

Mama Simone alikuwa anajaza makala kwenye ndoo. Mikono myeusi mpaka kiwiko. Simu imefungwa kwenye fundo la kitenge chake kiunoni – hiyo simu ya bip. Aliponiona alisimama wima.

«Analala,» akasema, kabla sijauliza.

Kandambili nyekundu za Reine zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Juu yake vumbi la kiangazi, tabaka zima, laini, bila alama ya kidole.

«Mama. Hakuna muntu alivaa zile tangu mwezi muzima.»

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

«Punguza sauti. Iko kwa Pasta Hénoc, barabara ya Kambove. Mu chambre de prière, kwa maombi. Tangu mwezi wa tano.»

«Na bip ya kila asubuhi?»

«Njo minye.»

Ndiye aliyekuwa anatuma, na alisema bila haya. Aliinama akaendelea kujaza ndoo, akawa anaongea na makala. Mwisho wa mwezi wa nne Reine alianza tena kumsikia mtoto. Safari hii analia ndani ya magunia ya makala. Ijumaa moja akayapasua yote, gunia baada ya gunia, akayamwaga barabarani akimtafuta. Majirani wakasema corona imempanda kichwani, wataita watu wa kumfungia.

«Ulisema tatu ni mbio. Nilibipé tatu. Nikangoja. Nikabipé tena tatu. Tena tatu! Simu yenu haikulia hata.»

«Siku gani, Mama?»

«Ile fête ya wafanyakazi.»

Mei mosi. Wakati ule simu ya kituo ilikuwa bado inalala kwenye droo ya Germain. Mei mosi ilikuwa Ijumaa, sikukuu. Ilizimwa Alhamisi jioni ikawashwa Jumatatu. Nani aliamua? Hakuna aliyeamua. Nilibuni lugha nzima na sikumwuliza mtu hata mmoja: sikukuu, sikio litakuwa kwa nani?

«Jumamosi bantu ya Pasta balikuya. Mikono mitupu, bila gants. Balimushika muzuri. Hakuna mutoto alipiga kelele *Corona*. Sasa minye nikafikiri: bale ba centre, tatu habasikie, moja banapenda. Nikaanza kutuma moja.»

«Ungebipé mbili, ningepiga –»

«Upige, useme nini? Mukuye tena na ile masque? Weye ulisema moja ni muzuri. Nilituma moja. Na hamukukuya. Njo vile nilikuwa nataka.»

Halafu akanyoosha mgongo, akaniangalia kwa mara ya kwanza kama yule mwanafunzi aliyekuwa anakula sombe, kisamvu, nyumbani kwake kila Jumatano.

«Mulifunga mulango, mukatuachia simu, Noëlla. Minye niko na makala ya kuuzisha na mugonjwa wa kulisha. Weye iko na kalamu.»

Nimerudi nyumbani nikafungua nakala ya fomu. Reine: Ijumaa 1 Mei, *stable*. Jumamosi 2, *stable*. Jumapili 3, *stable*. Zote tatu kwa wino mmoja, mkono mmoja, Jumatatu asubuhi, kwa ajili ya bip moja ya Jumatatu. Mwandiko mzuri, wangu mimi. Masista waliusifu.


Jumapili, 7 Juni

Hakuna misa. Makanisa bado yamefungwa. Mama yangu anashona barakoa sebuleni, ameuliza mbona sili.

Siwezi kusali na sitaki mtu aniambie siyo kosa langu.


Jumatatu, 8 Juni

Kwa Pasta Hénoc.

Jana usiku nilimweleza Papa Adolphe yote kwa simu, na ndiye aliyekuja asubuhi na pikipiki. Hakusema kitu, alinionyesha mfuko: sindano, pamba, ampoule – kichupa cha dawa – ya Reine ya mwezi wa tano ambayo ilikuwa bado kabatini na jina lake juu. Barakoa za kitenge, zetu wote wawili – si ile blouse nyeupe. Germain alikuwa kwenye bureau ya zone de santé, ofisi ya afya ya eneo. Tuliondoka kama wezi.

Nyumba ya matofali isiyokwisha, bati jipya, nyuma ya shamba la mihogo lililokauka. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkali. Alitoka kijana mwembamba, amevaa koti la kazi la machimbo. Alikuwa dereva wa mashine mgodini Kamatanda kabla ya wito. Mlangoni ndoo ya maji yenye bomba, sabuni, kitambaa safi.

«Muoshe mikono kwanza, dada.»

Tukaosha! Kituoni kwetu ndoo imekauka tangu Pasaka.

Ndani watu kumi na mmoja. Mikeka, harufu ya sabuni na mkojo. Sita wanatembea. Watano wamefungwa. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka: hii ni marufuku, Pasta, mtu hafungwi kama mbuzi, nitakwenda kwa polisi. Hakunijibu kwa hasira, na hilo lilinikasirisha zaidi.

«Balinikataza kukusanya bantu. Ni kweli. Lakini hawa, nibatupe wapi? Banyi mulifunga. Minye sikufunga.» Halafu: «Munyororo si yangu. Kila famille inakuya na cadenas yake. Ufunguo ya Reine iko kwa mama yake.»

«Basi tutakata.»

«Mukate. Na akikimbia mpaka ku barabara, pale malori ya machimbo yanapita, weye utakuwa hapa? Ao utakuwa mu simu?»

Watu wote wana jibu moja kwa ajili yangu!

Reine alikuwa kwenye kona, ameegemea ubao wa dirisha. Nywele zimekatwa. Mifupa ya shingo. Mnyororo wa baiskeli kwenye kifundo cha mguu, na chini ya mnyororo kitambaa kimezungushwa vizuri, mara tatu nne, ngozi isichubuke. Kitenge. Maua yaleyale ya kiunoni kwa Mama Simone.

Alinitazama.

«Noëlla. Unachelewa.»

Nilitaka kucheka na kulia. Yeye! Kuniambia mimi!

Halafu akainua mkono akagonga ubao kwa vidole. Moja, mbili, tatu.

«Kila siku nagonga tatu,» akasema. «Hakuna muntu anasikia.»

Adolphe alichoma sindano. Nilimwomba kwanza ruhusa yeye Reine, siyo Pasta, akasema ndiyo, akageuka mwenyewe. Pasta aliomba kwa sauti muda wote, mkono juu ya kichwa chake. Adolphe alipomaliza akasema «Amina» kwa nguvu kuliko wote na Pasta akashindwa kujizuia, akatabasamu. «Sindano yenu haifukuze Mungu yangu,» akasema. «Mulete ya bengine pia.»

Itachukua wiki kabla haijashika vizuri. Na mguu bado uko kwenye mnyororo. Ufunguo uko kwa mama.


Jumatano, 10 Juni

Nimemwambia Germain yote. Bip, Mei mosi, droo, mnyororo.

Nilipofika kwenye droo alisogea karibu. Plastiki ilikuwa inapumua mbele ya uso wake. Mwisho akasema simu ilikuwa na chaji kidogo siku zile. Nikasema ilikuwa imezimwa. Akasema ndiyo, ilikuwa imezimwa.

Halafu: «Vendredi. Tupite ile Ijumaa ya Zoom kwanza.»

Nikamweleza kuwa tangu Jumatatu nimepiga simu nyumba kumi na mbili, naomba kusikia sauti ya mgonjwa mwenyewe. Siyo ya kaka, siyo ya mama. Tano wamenipa. Saba: analala, ametoka, anaoga, utapiga kesho. Saba kati ya kumi na mbili, Monsieur! Sasa hao thelathini na wanane ni akina nani?

«Tukibaambia vile Vendredi, banafunga projet. Wakifunga, nani ataleta ampoules? Weye? Pasta?» Akavua miwani. «Sema trente-huit. Jumatatu tutarekebisha. Minye mwenyewe nitarekebisha, nakuapia.»

Na mimi nilisema nini? Mimi mwenye hasira, mimi niliyepiga meza kwa Adolphe?

Nilisema: «Oui, Monsieur.»

Nimeiandika hapa ili niione. Oui, Monsieur.


Alhamisi, 11 Juni

Saa kumi na mbili na dakika arobaini. *Trr.*

Mama Simone anajua kwamba najua. Bado anatuma. Reine ana kufuli mguuni na simu inasema muzuri.

Nimekwenda kwake kabla ya kazi. Nikamsihi aje kituoni na ufunguo, tuzungumze, tumtoe Reine pamoja, Adolphe atapita kila siku bila blouse. Hakuacha kujaza ndoo.

«Nimufungue, arudie hapa, bintu bianze tena? Siku mutafungua mulango yenu, minye pia nitafungua cadenas.»

Mlango wetu una kufuli pia. Kubwa kuliko lake.


Ijumaa, 12 Juni

Naandika haraka, chumba cha consultation, mlango nimeufunga kwa kiti. Saa nne na dakika tano. Chumba cha pili Germain ameshafungua Zoom, nasikia sauti ya mama wa wafadhili inakatika-katika: *formidable… vraiment… Likasi…*

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Adolphe alikuwa amefika kabla yangu. Jana nilimwambia tu ninalokusudia, sikumwita! Alikuwa ameinama uani anachora miduara chini kwa kipande cha makala, mmoja hapa, mmoja pale, hatua mbili kati yake. Nilimwuliza anafanya nini. «Nachora kisanduku ya majirani,» akasema. Viti vya kikundi cha Jumanne alikuwa amevipanguza vumbi. Ndoo ilikuwa na maji.

Nilimpa ufunguo wa geti la wagonjwa; sisi watumishi tunapita mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeuchukua jana kwenye msumari wa Germain, nikalala nao.

Halafu nikafanya nililoamua. Nilichukua orodha, nikaanza juu. Namba ya kwanza: bip, bip, bip. Ya pili: bip, bip, bip. Nusu milio. Nyumba arobaini. Kidole kilikufa ganzi kwenye ishirini na kitu. Wale wenye kupokea haraka niliwakatia sikioni. Nimewatisha watu arobaini, najua. Sina neno zuri la kujitetea. Lugha ni yangu, na ndani ya lugha yangu hakuna njia nyingine ya kusema njooni.

Wanakuja.

Wa kwanza alikuwa baba mmoja kutoka mtaa wa Panda, amevaa kiatu kimoja, anapiga geti: «Nani anakufa? Nani anakufa kwenu?» Adolphe akamwambia: «Bado, Papa. Ingia mu muduara yako.» Baba akamtukana mpaka akaishiwa, kisha akaingia kwenye mduara. Sasa kuna kumi na tisa, nimewahesabu kwa dirisha. Wengine na wagonjwa wao, wengine peke yao na uso wa kuficha kitu. Mama mmoja anamgombeza binti yake: ulisema kaka yako anatulia, docta ametuita mbio, ulikuwa unatuma moja ya nini? Binti analia. Adolphe anagawa sabuni kama komunyo.

Mama Simone hayumo.

Germain anagonga. «Noëlla! Tuko en ligne! Banakungoja!» Halafu amesikia kelele za uani. Nyayo zake zimekwenda dirishani. Hazijarudi. Yule mama wa wafadhili anauliza: *allô? allô? combien vous avez dit?* Mmesema wangapi? – na hakuna anayemjibu.

Nitamjibu mimi. Nikitoka hapa nitageuza kompyuta ile ielekee uani na kumwambia hatujui ni wangapi. Baadaye, wakitaka, wafunge kila kitu.

Namba ya Mama Simone niliiacha ya mwisho. Niliibipu mara tatu, polepole, nikiacha nafasi kati yake, kama tulivyokuwa tunagonga Reine na mimi. Halafu, kabla hajapata muda wa kunijibu, nimezima simu, nimetoa betri, nimeitia kwenye mfuko wa Papa Adolphe. Leo hakuna anayeweza kunijibu kwa moja.